Sanamu ya Askari pale Samora: ing'olewe au ibaki?

Mtoto wa Ilala
Wakuu, salaam.

Juzi Jumamosi nilikuwa mjini na binti yangu, yuko darasa la nne. Tulipofika kwenye mzunguko wa Samora na Azikiwe akasimama kumtazama yule askari wa shaba na bunduki yake. "Baba, anataka kumchoma nani?" Nikamwambia ameelekeza singe bandarini. "Kwani alikuwa wa kwetu?" Hapo nikamnunulia aiskrimu ili yaishe.

Hayajaisha. Sanamu ile waliisimika Waingereza mwaka 1927. Ilisubiwa London. Sare ni ya jeshi la mfalme wao. Maneno yaliyoandikwa chini aliyatunga Rudyard Kipling, na huyo alivyoupamba ukoloni kwa kalamu yake mnamjua. Uhuru tumepata 1961, barabara tumeibadilisha jina mpaka ikawa ya Samora Machel, mwanamapinduzi kabisa, halafu katikati yake bado kasimama askari wa Mfalme George!

Cape Town walimng'oa Rhodes, yule mkoloni wa Kiingereza, chuoni kwao Aprili 2015. Bristol walimkokota Colston, mfanyabiashara wa watumwa, wakamtosa majini Juni 2020. Mwezi huohuo Antwerp wakamteremsha Leopold, mfalme wao aliyeitesa Kongo. Hao Wazungu kwao wenyewe wanateremsha, sisi tunapanda maua kuzunguka.

Hoja yangu ni fupi. Ing'olewe, ipelekwe Makumbusho ya Taifa pale Shaaban Robert wanaotaka kuiona wakaione, na kwenye mzunguko asimame Kinjeketile au Mkwawa. Kitovu cha jiji letu hakiwezi kuwa kibaraka wa shaba.

Kondakta Mstaafu
Mkuu, ukimng'oa Askari abiria watashukia wapi? Nimeita "Posta, Posta, Posta" miaka 19. Mzee katoka kijijini, Samora haijui, Azikiwe haijui, ukimwambia "shuka, nenda mpaka pale Askari, kisha ulizia" amefika. Mweke Kinjeketile, sawa, ila mpaka watu wamzoee nusu ya Mbagala itakuwa imepotelea Kivukoni.

Mzaramo Asilia
Nilikuwa nasoma kwa utulivu mpaka neno la mwisho. Kibaraka wa shaba.

Babu mzaa babu yangu alikamatwa Maneromango siku ya gulio, Mwingereza alipokwisha kuingia Dar kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, Septemba 1916. Sikusema aliajiriwa. Alikamatwa. Akatiwa kwenye msafara na wenzake, akabebeshwa mzigo kuelekea Rufiji. Alirudi hana vidole vitatu vya mguu, vimeliwa na funza, na mdogo wake waliyetoka pamoja hajarudi mpaka leo ninapoandika. Sanamu la Bismini, huyohuyo Askari wenu, halikuwekwa kwa ajili ya askari peke yao. Nenda kasome pale chini, wapagazi wametajwa, wameitwa miguu na mikono ya jeshi. Katika jiji hili lote lenye minara na mabango, ni hapo tu mtu kama babu yangu ametajwa kwenye jiwe. Halafu unakuja wewe na aiskrimu yako unataka tung'oe.

Ticha Kibaha
Bila kuingilia mjadala wenu: ni sanamu YA, sanamu HII, sanamu HIZI. Ngeli ya i-zi. "Sanamu la Bismini" ni kosa hata likisemwa na jiji zima. Endeleeni.

Mtoto wa Ilala
Mzaramo, aiskrimu imeingiaje hapa? Mtoto ni wangu, hela ni yangu, na ilikuwa ya mia tano.

Babu pole yake, kweli kabisa. Ila mimi nimesema askari, sikusema mpagazi. Inua macho pale juu: aliyesimama ana mzigo kichwani? Ana bunduki. Nairobi kwenye ya kwao ya 1928 wamesimama watu watatu na mpagazi yumo. Sisi tumepewa mwenye bunduki, mpagazi kaandikwa chini kwa herufi ambazo lazima usimame katikati ya magari uzisome. Huko ndiko kukumbukwa?

Bi Mkunazini
Ticha, sisi kwetu twasema sanamu hili na masanamu haya, na bibi zetu walisema hivyo kabla hujajua kushika chaki. Kiswahili umejifunza darasani, sisi tumekikuta jikoni. Usitupigie kengele.

Turudi kwenye mambo. Nyinyi watu wa Dar mnagombania askari kwa sababu hamna kingine cha kutazama. Njooni Mkunazini kwenye ua wa kanisa. Shimo, ndani yake watu watano wa mawe wamefungwa mnyororo shingoni. Lile liliwekwa 1998 na mchongaji Msweden, mgeni vilevile, wala hakuna mtu aliyesema ling'olewe. Watu wakifika hushusha sauti wenyewe. Msiulize nani kalisimika, ulizeni linasema nini.

Chizi Maarifa
Mnabishana na hata historia yenyewe hamna. Yule askari ni wa Mjerumani. Ndiyo maana wazee wanaita Bismini, kutokana na Bismarck. Liliwekwa 1911.

Shangazi wa Upanga
Chizi, jina lako linakutendea haki. Ya Mjerumani ilikuwa nyingine, ya Hermann von Wissmann, aliyewahi kuwa gavana hapa. Ilisimikwa 1909. Alisimama juu Wissmann mwenyewe, na chini yake askari Mwafrika anamtazama juu kama mtu anayesubiri kutumwa. Waingereza walipoiteka Dar wakaing'oa, ikapelekwa kwao, ikaja kurudishwa Ujerumani na kusimikwa Hamburg mwaka 1922, mbele ya chuo kikuu. Mnajua nani alikuja kuiangusha? Wanafunzi wao wenyewe. Mwaka 1967 waliivuta kwa kamba, ikarudishwa, 1968 wakaivuta tena ikalala moja kwa moja.

Kwa hiyo Mtoto wa Ilala, kung'oa sanamu Dar si jambo geni. Aliyetutangulia ni Mwingereza, alimng'oa Mjerumani ili aweke wa kwake.

Chizi Maarifa
Kwa hiyo Bismini ni Wissmann? Mbona babu zetu walisema Bismarck?

Kondakta Mstaafu
Wissmann, Bismarck, Bismini. Sisi waita debe tunajua jinsi jina la Mzungu linavyofika mwisho wa ruti likiwa limebaki nusu.

Kalenga Kwetu
Nimewasikiliza. Sasa niwape ya kwetu Iringa mlinganishe.

Agosti 1891 Mjerumani aliyeitwa Zelewski, sisi tukimwita Nyundo, alipanda na jeshi lake kuja kumfundisha adabu Mkwawa. Alikutana na watu wetu Lugalo. Hakurudi. Wazungu wenzake wakafa naye, na askari wao mamia. Baadaye Wajerumani wakajenga mnara palepale kuwakumbuka wafu wao. Mnara upo mpaka leo na hakuna Mhehe aliyewahi kusema uvunjwe. Uvunjwe kwa nini? Umejengwa na adui kwa fedha ya adui kuonyesha mahali tulipompiga. Mwalimu anawapeleka watoto pale, anawaambia wamelala hapa, na sisi tuko hapa. Hata kambi ya jeshi hapo Dar mnapopita kila siku kwenda Tegeta inaitwa Lugalo.

Ndiyo maana nasema sanamu haina maana yake yenyewe, maana inategemea nani anaisimulia. Tatizo la yule askari wenu ni kwamba nyinyi watu wa pwani hamna cha kusimulia. Mlibeba mizigo, sisi tulibeba mikuki.

Mzaramo Asilia
Unasemaje?

Mzaramo Asilia
Hapana, ngoja. Rudia hilo la mwisho.

Mvuvi wa Pangani
Kalenga, tulia. Mwaka 1888, Mjerumani hajajua hata Iringa iko upande gani, Pangani ilishawaka. Abushiri bin Salim aliwafukuza Wajerumani pwani nzima wakabaki wameng'ang'ania Bagamoyo na Dar es Salaam. Ikabidi Berlin imtume huyohuyo Wissmann wenu na askari aliowakodi Misri na Msumbiji ndiyo wapate kurudi. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Na Bwana Heri wa Saadani je? Mikuki, mikuki! Sisi tulikuwa na mizinga.

Kalenga Kwetu
Abushiri alikuwa Mwarabu mwenye mashamba ya miwa akitetea biashara yake. Huyo unamhesabu wa pwani?

Mvuvi wa Pangani
Ahaa. Kwa hiyo akishinda ni Mwarabu, akibeba mzigo ni mtu wa pwani.

Kondakta Mstaafu
Huyo amekula moja bila.

Mlinzi wa Ruhuwiko
Poleni na utani. Mimi Mngoni, natoka Songea, na mji wetu wenyewe ni jina la mtu aliyenyongwa. Nduna Songea Mbano alinyongwa mwaka 1906 na wenzake wengi, kwenye Vita vya Majimaji, na kichwa chake kinaaminika kilipelekwa Ujerumani. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alikuja Songea akasimama mbele ya wajukuu akaomba msamaha. Kichwa hakuja nacho.

Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa Machi 1900, kichwa chake nacho kinatafutwa. Mkwawa mwenyewe mnayemtaka kwenye mzunguko, Kalenga atawaambia, fuvu lake liliandikwa mpaka kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, lirudishwe ndani ya miezi sita. Lilirudi 1954. Fuvu la chifu lililodaiwa kwa mkataba wa dunia nzima lilichukua miaka 35.

Sasa nauliza: tunagombania shaba iliyopo Posta, mifupa yetu iliyoko kwao tumeiacha? Anza na kichwa, sanamu itafuata.

Kalenga Kwetu
Mngoni naye anatupangia la kuanza nalo. Nyinyi si mlitoka kusini huko kwa Wazulu mkaja hapa kutupiga? Wenyeji wa Ruvuma wangekuwa na shaba wangewasimikia nini?

Mlinzi wa Ruhuwiko
Wangetusimikia wajomba zenu wakikimbia. Mtani, lete mbuzi kwanza ndiyo nikujibu vizuri.

Msukuma wa Igoma
Nyie mnachekesha. Mnataka kumng'oa askari asiye na jina, hapa Mwanza jiwe maarufu kuliko yote kwenye maji tunaliita Bismarck. Watalii wanapiga picha, sisi tunapiga picha, tumeliweka mpaka kwenye kalenda za maduka. Na ziwa lenyewe? Nyanza ilikuwepo, akaja Speke mwaka 1858 akaona maji akakumbuka malkia wake. Mpaka leo samaki wetu ni sangara wa Ziwa Victoria. Ukimaliza Samora njoo utusaidie kung'oa ziwa.

Mtoto wa Ilala
Msukuma, jiwe limeumbwa na Mungu, halikusimikwa. Jina unafuta kwa tangazo la serikali.

Msukuma wa Igoma
Basi futa. Nakusubiri.

Bi Mkunazini
Na kama ni majina, hata hiyo Dar es Salaam nani kawapa? Sultani Majid. Bandari ya Salama mkaipokea kimya. Mzizima mmeipeleka wapi?

Ticha Kibaha
Chimbuko la jina Dar es Salaam ni mjadala wake, tafadhali tusichanganye. Na Bi Mkunazini, nimeangalia kamusi jana usiku. Sanamu, i-zi.

Bi Mkunazini
Mume wako ana kazi.

Ticha Kibaha
Mimi ni mwanaume.

Bi Mkunazini
Basi mkeo. Pole zake.

Sheikh wa Buguruni
Mimi nasema kwa ufupi na msinirushie mawe. Masanamu yote ya viumbe yaondoke, ya askari, ya Kinjeketile, ya nani. Mtu akifa aombewe dua, hahitaji kusimama juani na bunduki. Hata wapagazi wale wengi walikuwa Waislamu. Nani kawasomea hitima?

Mzaramo Asilia
Sheikh, hilo la hitima umenigusa. Mengine tutakutana nayo.

Kalenga, sijakusahau. Unasema hatuna cha kusimulia. Nisikilize, halafu upige kelele zako.

Unapokuja Dar kununua vitu vya duka lako unaenda wapi? Kariakoo. Kariakoo ni nini? Ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, pale ndipo kambi yao ilipokuwa, watu wakaitamka walivyoweza. Kila siku ya Mungu kuna watu wanapanga viatu na vitenge juu ya kambi ile na hawajui. Soko alilichora Beda Amuli, Mtanzania mwenzetu, likafunguliwa miaka ya sabini, likaungua Julai 2021, nchi nzima ikalia. Walililia soko. Kwa waliolipa jina hakuna aliyelia.

Wewe una mkuki wa kusimulia kwa sababu aliyeshika mkuki anatungiwa nyimbo. Aliyebeba mzigo anaambiwa na wajukuu wa wengine kuwa hana cha kusimulia. Babu yangu hakuwa shujaa wala kibaraka, alikuwa mtu aliyekwenda gulioni kuuza mihogo.

Kalenga Kwetu
Mihogo. Angalau chakula kipo.

Mzaramo Asilia
Naona hoja imeisha, umebaki na mihogo.

Shangazi wa Upanga
Mnaachia jambo zuri linapita. Alichosema Mzaramo kina uzito. Aprili 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti kujichunguza yenyewe. Ikakiri kuwa wahudumu wa vita ile wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na wengine hawakukumbukwa kabisa. Makaburi ya vita yapo hapa Dar, barabara ya Bagamoyo, majani yamekatwa vizuri, kila jiwe na jina lake. Wapagazi wangapi wana jiwe pale?

Maandishi ya Kipling yale yanawaambia Waafrika kwamba ukipigania nchi yako hata ukifa wanao watalikumbuka jina lako. Halafu chini yake hakuna jina hata moja!

Kwa hiyo mimi sing'oi. Nataka ukuta mfupi pembeni wenye majina yatakayopatikana, na maelezo ya Kiswahili kilichonyooka. Na mnaotaka kung'oa muwe na subira. Accra walimwangusha Nkrumah siku ya mapinduzi, 1966. Kichwa cha sanamu kikapotelea kwa mtu miaka zaidi ya arobaini, kikarudishwa 2009, sasa kimewekwa bustanini kando ya mwili wake usio na kichwa. Wana Nkrumah wawili, mzima na mvunjika. Na haohao Waghana wakamwondoa Gandhi chuoni Legon Desemba 2018, hakumaliza hata miaka mitatu. Mkono mwepesi wa kusimika ni mwepesi wa kung'oa.

Chizi Maarifa
Gandhi kafanya nini tena?

Shangazi wa Upanga
Aliandika maneno mabaya juu ya Waafrika alipokuwa kijana Afrika Kusini. Usinifungulie hilo, nina chungu jikoni.

Chizi Maarifa
Nyie wa Upanga lazima mumtetee.

Shangazi wa Upanga
Nimesema aliandika maneno mabaya. Hapo nimetetea wapi? Na "nyie wa Upanga" ni akina nani? Mimi Mnyamwezi, nimepanga vyumba viwili nyuma ya hospitali.

Kondakta Mstaafu
Chizi jifunze kushuka gari likiwa limesimama.

Mjukuu wa Askari, Tabora
Nimesoma tangu mwanzo nikitafuta mtu wa kuniwakilisha, sijamwona.

Babu yangu mkubwa alikuwa askari kweli. Wa Mjerumani. Alitembea na Lettow-Vorbeck, kamanda wao, mpaka Msumbiji, mpaka kaskazini mwa Rodesia walikoweka silaha chini Novemba 1918, vita Ulaya vimeshakwisha wao hawana habari. Kwa hiyo ile sanamu ya Dar si yake. Ni ya yule aliyekuwa anamfukuza. Watanganyika walikuwa pande zote mbili, wakilenga wenyewe kwa wenyewe kwa ugomvi wa wakwe wa Ulaya. Kwetu nyumbani hadi mama anakufa hatukujua kama tujivunie au tunyamaze, basi tukanyamaza. Mnasema vibaraka, sawa, semeni. Lakini kwanza mniambie kijana wa Unyamwezi wa 1910, kodi ya kichwa inamsubiri mlangoni, alitakiwa achague nini.

Na maneno yale ya pale chini, kwamba walikufa kwa ajili ya mfalme wao na nchi yao. Nchi ipi? Ile ya mfalme?

Msukuma wa Igoma
Tabora, kwetu kuna hadithi maarufu. Miaka ya sitini Ujerumani Magharibi ilikubali kuwalipa askari wa zamani waliobaki hai. Wazee wakajipanga Mwanza, wengi hawana hata karatasi. Mlipaji akampa kila mmoja fimbo ya ufagio, akamwamuru kwa Kijerumani kama kwenye gwaride. Hakuna hata mmoja aliyekosea.

Mjukuu wa Askari, Tabora
Tumeisikia na sisi. Kwetu hakuna anayeicheka.

Mtoto wa Ilala
Nimerudi. Kumbe nimeacha moto.

Naomba nirudishe neno moja. Kibaraka nililisema kwa hasira za mtu aliyeshindwa kumjibu mtoto. Nimeliondoa. Ila msimamo wangu juu ya mahali sijauondoa. Katikati ya jiji lolote unaweka unachotaka mgeni akione kwanza. Kwa nini mgeni wa kwanza akutane na bunduki iliyoelekezwa baharini? Tumlete mpagazi, hata akiwa wa saruji, na mzigo wake kichwani. Askari ahamie Makumbusho.

Mzaramo Asilia
Sasa tunazungumza. Mpagazi nakubali. Ila asiwe wa saruji, mvua za Dar hamzijui? Na asiwekwe Samora. Awekwe Kariakoo, kwao.

Kalenga Kwetu
Mkwawa je?

Mzaramo Asilia
Mkwawa ana Kalenga, ana makumbusho, ana shule. Mwachie mwenzako chumba.

Kondakta Mstaafu
Kariakoo mtamweka wapi? Hapana pa kuweka hata kiroba. Siku ya pili atakuwa amevalishwa suruali za mtumba kila mkono, ana bango "buku tano tano".

Mvuvi wa Pangani
Akiwa mpagazi wa kweli atakuwa amezoea.

Mzaramo Asilia
Hilo nimecheka, ila limeniuma.

Bi Mkunazini
Mzaramo, babu yako aliyeliwa vidole na funza, na yule mdogo wake. Majina yao mnayo?

Mzaramo Asilia
La babu tunalo, ndilo tunaloitwa. La mdogo wake analijua shangazi yangu peke yake, yuko Kisarawe, ana miaka themanini na kitu na siku nyingine hatutambui. Nimekuwa nikisema nitakwenda kumuuliza tangu Ramadhani.

Bi Mkunazini
Basi nenda wiki hii.

Sheikh wa Buguruni
Ukilipata nitumie. Ijumaa tutamsomea.

Mtoto wa Ilala
Mzaramo, nami nikupitie na gari? Binti ana swali lake. Jumamosi natoka saa mbili asubuhi.

Mzaramo Asilia
Jumamosi ni ya mwisho wa mwezi, usafi, tutakamatwa na ufagio barabarani. Tutoke saa nne. Na mletee shangazi sukari, hapendi mgeni wa mikono mitupu.

Ticha Kibaha
Mkifika muulizeni na hilo: sanamu ya au sanamu la.